Kuibeba boti kabla maji hayajaibeba

Ukitembea ufukweni mahali vinapoundwa vyombo vya mbao, Lamu au Nungwi, utaona jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kulitafakari: chombo hakihamishwi. Fundi hulaza mkuku, uti wa mgongo wa chombo, juu ya magogo, husimamisha hanamu, hupanga mbao na mataruma, yaani mbavu, hukalafati, na muda wote huo, hata ukiwa mwaka mzima, jahazi limekaa palepale limetiwa gadi, miti ya kuliegemeza, ubavuni. Siku ya kushua ndiyo siku ya kwanza ya kulisogeza. Watu hukusanyika, kamba hufungwa, magogo hutangulizwa, nyimbo huimbwa, na bahari nayo huja nusu ya njia kulipokea kwa maji ya bamvua.

Boti ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi iitwayo rezini, haina maisha hayo. Ndani ya wiki chache hung'olewa kwenye kalibu, ambayo mafundi wengi huiita moldi, hupelekwa kukatwa kingo, hupelekwa kufungwa sakafu na sitaha, hupelekwa kufungwa injini, hugeuzwa ikibidi kusuguliwa chini, halafu hupandishwa kwenye trela. Safari tano au sita, zote kabla haijagusa bahari. Kila safari inataka kitu cha kuishika: mkanda, boriti, kitanda, gurudumu, pete ya kugeuzia. Makala hii inahusu vifaa hivyo, ambavyo karakana nyingi huvibadilisha na vijana wanane wenye mabega na mmoja mwenye sauti kubwa.

Swali la kuanzia ni hili: kwa nini kitu kilichoundwa ili kipigwe na mawimbi miaka 20 kiharibiwe na kamba asubuhi moja karakanani?

Bahari hubeba kwa viganja vingi

Tuchukue boti moja tuende nayo hadi mwisho. Ni boti ya wazi ya uvuvi, urefu mita 7, upana mita 2.2, chini ina umbo la V. Ngozi yake yote ina eneo la kama mita 25 za mraba na unene wa wastani wa milimita 8. Hiyo ni mita ya ujazo 0.2 ya faiba iliyoshiba rezini, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya mchanganyiko huo ina kilo 1,600 hivi, ngozi peke yake ni kilo 320. Ongeza jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, mbavu za ndani na ubao mnene wa tezi, yaani nyuma, pa kufungia injini, tunafika kwenye kilo 450.

Ikielea, kilo hizo husambaa kwenye sehemu iliyozama, tuseme mita 8 za mraba. Kila mita ya mraba inabeba kilo 56, uzito wa mtu mmoja aliyejilaza chali. Ngozi ya milimita 8 haihisi chochote.

Sasa iinue kwa mikanda miwili yenye upana wa sentimita 10. Kila mkanda una miguu miwili inayopanda juu, kwa hiyo kila mguu unavuta kilo 112 na kidogo. Pale mkanda unapopita kwenye ubavu ulionyooka, hausukumi kitu. Nguvu yake huibuka pale unapopinda, yaani kwenye kona ambapo ubavu unakutana na tumbo la boti. Kona hiyo ikiwa kali, mviringo wake ukiwa na nusu kipenyo cha sentimita 2 tu, mgandamizo chini ya mkanda unapita kilo 56,000 kwa mita ya mraba. Mara elfu moja ya ule wa maji! Eneo lenyewe ni dogo mno, ndiyo maana boti haikatiki vipande viwili mbele ya macho ya watu. Lakini jelikoti hupata nyufa nyembamba kama unywele, na chini yake nyuzi huachana na rezini kimyakimya. Weka kati ya mkanda na kona kipande cha ubao kilichochongwa kwa mviringo wa sentimita 10, na mgandamizo unashuka hadi sehemu moja ya tano.

Kwa hiyo mbunifu wa vifaa hivi ana kazi moja: kuiga maji kwa chuma, mbao na mikanda. Hawezi kuyafikia, ila anaweza kuyakaribia.

Boti mbichi

Faiba haikauki kama rangi. Huiva. Rezini ya polyester ikishachanganywa na hadna, dawa ya kuigandisha, hupata joto yenyewe, huwa kama uji mzito, kisha huganda, mara nyingi ndani ya saa moja. Kuganda huko si kuiva. Kesho yake boti huonekana ngumu, ukiigonga inalia, lakini ugumu wake bado unapanda siku hadi siku kwa wiki kadhaa. Kuna kifaa kidogo cha mkononi kiitwacho Barcol ambacho hubonyeza sindano kwenye faiba na kusoma ugumu. Polyester iliyoiva vizuri husoma 35 hadi 40 au zaidi. Karakana isiyonacho hukisia kwa ukucha na harufu, na makisio hayo huwa na haraka kwa sababu kalibu inasubiriwa na boti inayofuata.

Joto nalo lina neno lake. Rezini ya kawaida huanza kulegea inapokaribia nyuzi 60 au 70 za Selsiasi, na boti ya rangi ya buluu iliyokoza ikianikwa juani Dar es Salaam mwezi wa Februari haiko mbali na huko. Boti iliyotoka kwenye kalibu jana, ikawekwa nje juu ya mawe mawili, inaweza kurudi ndani jioni ikiwa na umbo jingine.

Halafu kuna suala la boksi. Chukua boksi la viatu lisilo na mfuniko, shika kona mbili za mshazari ulisokote. Linapinda kama kitambaa. Lirudishie mfuniko, uugande kwa gundi, ujaribu tena: halitaki. Sitaha ndiyo mfuniko wa boti. Kabla haijafungwa, ile V ndefu yenye urembo wote haina uwezo wa kukataa kusokotwa. Ukiinua kona moja ya tezi kwa jeki, omo, yaani mbele, inabaki ilipokuwa na katikati ndipo panapolipa.

Hapa ndipo jahazi na boti ya faiba hutofautiana kwa tabia. Jahazi lina uti wa mgongo na mbavu za mbao tangu mwanzo. Ngozi inashikwa na mifupa. Faiba huanza na ngozi, mifupa huja baadaye. Hata Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa zaidi ya tani 10 za taka za plastiki na kushushwa majini mwaka 2018, lilifuata mpango wa mababu, mkuku na mataruma, ingawa mali ghafi yake ilikuwa chupa na ndala. Mafundi wale walijua plastiki hulegea kuliko mbao, nao wakaipa mifupa.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza kiwanda kidogo hauna chuma ndani yake: usiitoe boti kwenye kalibu kabla hujaifunga mbavu za ndani. Kalibu ndicho kitanda bora kuliko vyote utakavyowahi kutengeneza, kwa kuwa kimeigusa boti kila mahali. Funga mbavu humohumo, zipe muda ziive. Kama kazi hairuhusu, basi gandisha kwa muda boriti mbili au tatu za mbao zinazovuka kutoka ukingo hadi ukingo, ili boti itoke na upana iliozaliwa nao.

Athari ya umbo kupotea haionekani karakanani. Inaonekana injini ikipigwa moto. Boti za mwendo kasi hupanda juu ya maji kwa kutegemea mita chache za mwisho za tumbo lake kuwa zimenyooka. Tumbo likibonyea kuelekea ndani karibu na tezi, hata kwa milimita chache, boti huinamisha omo na kupoteza mwendo. Likivimba nje, huanza kurukaruka kama pomboo, na nahodha hulaumu injini, kisha hulaumu propela, kisha humlaumu aliyemuuzia propela.

Ndoo moja ya maji

Kuitoa boti kwenye kalibu ndiyo hatua inayovunja vingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kalibu hupakwa nta mara kadhaa, na mara nyingi utando mwembamba wa PVA, aina ya plastiki ya kupaka, juu yake, ili rezini isishike. Boti ikiiva husinyaa kidogo sana na kuanza kuachia kingoni. Lakini chini, kwenye V, bado imebana, na hata pale ilipoachia hakuna hewa iliyoingia. Ukiivuta juu unavuta pia utupu, kama anayebandua kikombe kilichonata kwenye meza yenye maji.

Njia inayotumika sana ni chenibloku, ile winchi ya mnyororo ya kuning'iniza, na matumaini. Ndoano inavuta, mnyororo unakaza, hakuna kinachotokea, unakaza tena. Mwishowe boti inaachia kwa kishindo na kuruka, mikanda inalegea kisha inakaza tena kwa mshtuko mkubwa kuliko uzito wa boti, na aliyekuwa ameweka mkono kwenye ukingo anaupoteza uwezo wa kushika kikombe kwa wiki mbili. Nimewahi kuona kalibu yenyewe ikinyanyuka na boti yake, miguu ya chuma ikining'inia, na watu wote wakiangalia juu badala ya kuondoka chini.

Dawa ya kwanza ni mizani ya kuning'iniza kati ya ndoano na boti. Boti ni kilo 450. Mizani ikisoma 600 na bado haijanyanyuka, acha. Namba hiyo inakuambia kwamba kilo 150 ni za kalibu au za utupu, na hakuna anayejua zitaachia lini.

Dawa ya pili inanifurahisha kila nikiifikiria. Tumesema boti hii ikielea inahitaji kusukumwa na maji kwa nguvu ya kilo 450. Watu hudhani nguvu hiyo inahitaji maji mengi. Haihitaji. Maji husukuma kulingana na kina chake, si wingi wake. Tundu dogo likitobolewa kwenye kalibu mahali pa chini kabisa, kwenye mstari wa mkuku, na maji yakaingizwa humo kwa bomba la bustani, yanapanda katika ule mwanya mwembamba kati ya boti na kalibu. Mwanya wa milimita 2 chini ya mita 8 za mraba unajaa kwa lita 16. Ndoo moja ya kawaida ya lita 20 inazidi! Maji yakifika kwenye kina kile ambacho boti ingezama baharini, boti inaelea, ndani ya kalibu yake, taratibu, bila kishindo, ikiwa imebebwa kila mahali kwa usawa. PVA nayo huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo gundi ya mwisho inaondoka yenyewe. Kinachobaki kwa chenibloku ni kuinua, si kung'oa.

Tundu hilo linapaswa kuwekwa kalibu inapoundwa, pamoja na kiungio chake cha bomba na kizibo kilicholingana na uso wa ndani. Kulitoboa baadaye kunawezekana ila utaacha alama kwenye kila boti. Kwa kalibu ya vipande viwili inayofungwa kwa bolti katikati, mambo ni mepesi zaidi: fungua bolti, tenganisha pande, na boti inabaki imesimama katikati kama ndizi iliyomenywa, mradi umeshaweka kitu cha kuishikilia isianguke upande.

Kilo zimekaa wapi

Uzito peke yake hautoshi, lazima ujue kitovu chake. Boti ikining'inizwa kwenye ndoano moja, itainama hadi kitovu cha uzito kiwe chini kabisa ya ndoano, upende usipende. Kwa kuwa tezi ina ubao mnene na omo ni nyembamba, kitovu hicho kiko nyuma ya katikati, na kila anayefunga mikanda kwa jicho huona omo ikipaa.

Kipimo chake ni rahisi hadi kinaudhi. Egemeza boti kwenye fito mbili zilizo umbali wa mita 5, kila moja juu ya mizani. Mizani ya mbele isome kilo 160, ya nyuma 290. Zidisha 290 kwa 5, gawanya kwa 450: kitovu kiko mita 3.2 nyuma ya ufito wa mbele. Chora mstari wa kalamu nene kwenye ukingo, pande zote mbili. Boti zote zitakazotoka kwenye kalibu hiyo zitakuwa na mstari huohuo, ukipishana kwa sentimita chache. Mikanda miwili ikikaa umbali sawa mbele na nyuma ya mstari, inagawana uzito sawa.

Mkanda wa mbele una tabia ya kuteleza kuelekea omo kwa kuwa boti inazidi kuwa nyembamba huko. Mikanda yote miwili ifungwe pamoja kwa kamba inayopita chini sambamba na mkuku. Kamba ya bei ndogo, na ukosefu wake umeangusha boti nyingi.

Pembe inayobana

Sasa mikanda inapanda hadi wapi? Jibu la haraka ni kuikutanisha yote kwenye ndoano moja. Hapo ndipo hesabu ya pembe inapoingia, na inafaa kuijua kwa kichwa.

Tubuni kifaa chetu kwa kilo 600 badala ya 450, kwa sababu siku moja vijana watapaka tabaka la ziada, au boti itainuliwa ikiwa na maji ya mvua ndani. Kila jozi ya miguu inabeba kilo 300. Miguu ikiwa wima, kila mmoja unavuta 150. Ikilala hadi nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja unavuta 173. Kwa nyuzi 45 ni 212. Kwa nyuzi 30 kila mguu unavuta 300 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Mtu akisema kamba yake ni ya kilo 300, muulize kwa pembe gani.

Kwa boti, hatari kubwa kuliko mkanda kukatika ni ile nguvu ya kulala inayobana kingo kuelekea ndani. Kwa nyuzi 45, kila mkanda unabana kila ukingo kwa kilo 150. Kwa nyuzi 30, kilo 260. Boksi lisilo na mfuniko linaminywa kama mfuko wa maziwa.

Ndiyo sababu ya boriti ya kutanulia: chuma kinachokaa juu ya boti, kirefu kidogo kuliko upana wake, ili mikanda ishuke wima bila kugusa ukingo. Kwa boti yenye upana wa mita 2.2 boriti iwe na mita 2.4. Nguvu ya kubana haipotei, inahamia kwenye chuma, na chuma ndicho kilichoajiriwa kwa kazi hiyo.

Mchomeleaji wa mtaani atakuuliza skwea paipu ya ngapi. Boriti ikishikwa katikati tu, kila upande una kilo 150 kwenye mkono wa mita 1.2, yaani kilo-mita 180 zinazotaka kuikunja. Skwea paipu ya milimita 60 kwa 60 yenye unene wa 3 itafikia mkazo wa kama megapaskali 150, kipimo cha nguvu kwa eneo la chuma. Chuma cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja kwenye 235. Haitapinda, na ndiyo maana wengi huridhika nayo. Lakini kanuni ya Marekani ya ubunifu wa vifaa vinavyoning'inia chini ya ndoano, ASME BTH-1, inataka chuma kwa kazi za aina hii kiwe na nguvu mara tatu ya kinachohitajika kabla ya kupinda, kwa sababu mzigo huruka, mchomeleo huwa na matundu, na watu hukosea kukadiria. Weka akiba hiyo kwenye hesabu na paipu ya 60 inafeli. Ya milimita 80 kwa 80 yenye unene wa 4 inafikia megapaskali 63 tu, inafaulu na chenji inabaki. Tofauti ya bei kati ya paipu hizo mbili ni ndogo kuliko bei ya debe moja la rezini.

Mikanda ya kitambaa ina kanuni zake na rangi zake: katika viwango vya Ulaya zambarau ni tani moja, kijani tani mbili, njano tani tatu, nayo hutengenezwa ikatike kwenye mara saba ya namba hiyo. Mnyororo una akiba ya mara nne tu, na unakwaruza. Mkanda uliopoteza lebo yake au uliopitiwa na cheche za mashine ya kusagia haufai tena kuinulia. Ukate vipande, maana ukiuacha mzima ukutani kuna mtu atauchukua.

Kugeuza

Boti nyingi za faiba huzaliwa zikiwa zimekaa wima na hazihitaji kupinduliwa. Za alumini na zile zinazoundwa juu ya umbo la ndani huzaliwa kifudifudi, na siku ya kupinduliwa huwa siku ya jasho. Utaratibu unaojulikana: magodoro na matairi chini, watu upande mmoja wanainua, upande wa pili wanapokea. Kazi inakwenda vizuri hadi kitovu cha uzito kinapovuka ukingo uliogusa chini. Kabla ya hapo uzito ulikuwa kwa wanaoinua. Baada ya hapo, ghafla, wote uko kwa wanaopokea, na wanaoinua hawana cha kushika zaidi ya hewa.

Kifaa cha kugeuzia huondoa ghafla hiyo. Kilicho rahisi ni pete mbili kubwa za plaiwudi nene au chuma, moja mbele moja nyuma, zilizokatwa ndani kufuata umbo la boti, zikilala juu ya magurudumu manne. Siri yake iko kwenye kitovu cha pete. Kikiwa sentimita 25 mbali na kitovu cha uzito wa boti yetu, kuna kilo-mita 112 zinazopinga au kukimbia. Mtu anayesukuma kwenye ukingo wa pete yenye nusu kipenyo cha mita 1.4 anahitaji kilo 80. Kikiwa sentimita 3 tu, anahitaji chini ya kilo 10, na mtoto wa fundi anaweza kuigeuza boti peke yake. Kwa hiyo kabla ya kukata plaiwudi, pima kitovu cha uzito kwa kimo pia: inamisha boti kwa pembe unayoijua na upime mizani upya.

Hata ukipatia, weka breki au winchi yenye gia ya parafujo, ile ambayo mpini unazungusha pete lakini pete haiwezi kuuzungusha mpini. Boti hubadilika njiani: kwenye mzunguko mmoja kitovu kiko chini ya mhimili na boti hutulia kama bembea, nusu mzunguko baadaye kiko juu na inatafuta upande wa kuangukia. Pete hizo zina faida nyingine ambayo mabosi huigundua wamechelewa. Boti ikilazwa upande wa nyuzi 45, wapaka rezini hufanya kazi wima badala ya kujikunja ndani ya V huku wakivuta mvuke wa staireni, kemikali iliyo ndani ya rezini, unaotuama chini.

Kitanda

Kitanda cha magurudumu ndicho boti itakachokalia muda mrefu zaidi, lakini kinahitaji maneno machache. Mzigo ukae kwenye mstari wa mkuku. Pande zishikwe tu isiyumbe, kazi ileile ya gadi. Mihimili ikae chini ya mbavu za ndani, kamwe si katikati ya mbavu mbili. Umbo lake lichukuliwe kwa kupaka tabaka chache za faiba, juu ya karatasi ya nailoni, kwenye mfano wenyewe uliotumika kuundia kalibu.

Magurudumu manne hayabebi mzigo kwa manne. Sakafu ina mabonde, kitanda ni kigumu, na muda mwingi matatu ndiyo yanayofanya kazi. Boti na kitanda vikiwa kilo 600, kila gurudumu liwe la kilo 200. Liwe pia kubwa, milimita 150 au 200, maana sakafu ya karakana ya faiba ina matone ya rezini yaliyoganda kama kokoto, na gurudumu dogo likigonga tone moja boti nzima husimama huku wasukumaji wakiendelea.

Nje kuna upepo. Boti inayoning'inia ni tanga. Ubavu wa mita 9 za mraba ukipigwa na kusi ya mita 10 kwa sekunde husukumwa kwa kama kilo 55, na upepo ukiongezeka mara moja na nusu nguvu hiyo huongezeka zaidi ya mara mbili. Kamba mbili za kuongozea, omo na tezi, zishikwe na watu walio mbali na mzigo. Anayetoa ishara kwa mwendesha kreni awe mmoja. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na methali hiyo inafaa nchi kavu pia.

Kuna wakati jibu bora ni kutobeba. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000 hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani Februari 5, 1915. Hakuna kreni iliyokuwapo bara ya kuinua meli ya mita 70, kwa hiyo ukubwa wa kila kipande uliamuliwa na uwezo wa reli na mikono. Mwenye karakana yenye paa la mita 4 na chenibloku ya tani moja anafanya uamuzi uleule anapochagua kuunda boti yake kwa vipande viwili.

Kabla boriti mpya hazijagusa boti, zijaribu zote mbili pamoja kwa asilimia 125 ya mzigo wake. Kwa kifaa cha kilo 600 ni kilo 750. Fremu ya kuinulia, ile yenye umbo la goli la mpira, iwekwe sehemu tambarare. Ning'iniza mapipa matatu ya chuma ya lita 200, matupu, na mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 juu yake, sentimita 10 tu kutoka sakafuni. Kisha chukua bomba ujaze maji polepole. Mapipa yakijaa una kilo 750 na ushei. Subiri dakika 10. Pitisha kidole na tochi kwenye kila mchomeleo, pima kwa uzi kama kila boriti imebaki imenyooka. Zikiwa sawa, fungua maji yamwagike, chukua brashi, andika pande zote mbili za kifaa kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni: KILO 600.